Pua ya Bikira: Maoni juu ya Filamu ya Notre-Dame du Nil

Wasichana wawili wa shule wanapanda mlima wakiwa na nia ya kubadili pua ya sanamu ya Bikira Maria. Katika kisa kingine chochote tendo hili lingekuwa utundu wa watoto, likachekwa na kusahauliwa kabla ya chakula cha jioni. Katika filamu ya Notre-Dame du Nil, yaani Bibi Yetu wa Naili, iliyoongozwa na Atiq Rahimi na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2019, tendo hilo ndilo fundo la kisa chote. Kwa maoni yangu ndilo pia fundo la swali ambalo wahakiki wa siku hizi hawachoki kuliuliza kila watazamapo filamu juu ya wasichana wa zamani na urafiki wao: ni nani aliyetiwa katika picha, na ni nani aliyeachwa nje?

Swali hilo si la bure. Mwaka huo huo wa 2019 filamu ya Little Women ya Greta Gerwig, inayosimulia makuzi ya dada wanne wa Massachusetts wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ilisifiwa kwa mengi, na tena ikalaumiwa kwa kuwa nyuso karibu zote zilizomo ni nyeupe, ilhali vita vile vilipiganwa kwa sababu ya utumwa wa watu weusi. Lawama hiyo ina haki yake. Lakini imezaa desturi moja ya uhakiki iliyo nyepesi mno: mhakiki huketi na karatasi, akahesabu nyuso, akatoa hukumu kwa kujumlisha. Filamu ya Rahimi haiwezi kupimwa kwa njia hiyo, kwa sababu inatupeleka katika nchi ambayo kuhesabu nyuso ndiko kulikokuwa maradhi yake.

Kisa ni cha Rwanda, mwaka 1973. Juu milimani, karibu na chemchemi inayosemwa kuwa chanzo cha Mto Naili, masista wa Kikatoliki wanaendesha shule ya bweni ya wasichana. Kando ya chemchemi imesimamishwa sanamu ya Bikira aliyepakwa rangi nyeusi. Wanafunzi wengi ni mabinti wa mawaziri, wa maofisa wa jeshi na wa wafanya biashara wakubwa, walioletwa huko wakae mbali na vishawishi vya mji mpaka watakapokuwa tayari kuolewa na wanaume wenye vyeo. Gloriosa ni binti wa mkubwa wa serikali, naye anawaongoza wenzake kwa kuogopwa kuliko kwa kupendwa. Modesta ni mfuasi wake. Baba yake ni Mhutu na mama yake ni Mtutsi. Virginia na Veronica ni Watutsi, nao wamo shuleni kwa idhini ya fungu lililowekwa na serikali: katika riwaya iliyozaa filamu hii, Watutsi wawili kwa kila wanafunzi ishirini, wasizidi.

Riwaya hiyo ni ya Scholastique Mukasonga, na ilipata tuzo ya Renaudot nchini Ufaransa mwaka 2012. Mtunzi hakuyaokota mambo yake hewani. Alizaliwa mwaka 1956, akasoma katika shule ya wasichana ya Notre-Dame de Cîteaux mjini Kigali, na mwaka 1973 akafukuzwa masomoni huko Butare pamoja na Watutsi wengine, akakimbilia Burundi. Jamaa zake waliobaki Nyamata waliuawa karibu wote katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994.

Msomaji asiyejua mambo ya 1973 yafaa aelezwe kwa ufupi. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji waliandika neno Mhutu, Mtutsi au Mtwa katika kitambulisho cha kila mtu, na kwa muda mrefu wakawapendelea Watutsi katika shule na vyeo. Mapinduzi yaliyoanza mwaka 1959 yaligeuza mizani, na jamhuri iliyopata uhuru tarehe 1 Julai 1962 chini ya Grégoire Kayibanda ikajiita dola ya walio wengi. Mwaka 1972 jeshi la Burundi, lililokuwa mikononi mwa Watutsi, liliwaua Wahutu maelfu kwa maelfu, na habari za mauaji hayo zikachochea moto upande wa pili wa mpaka. Mapema mwaka 1973 orodha za majina ya Watutsi zilibandikwa kutani katika shule za Rwanda, katika chuo kikuu cha Butare na katika ofisi, na waliotajwa wakaamriwa waondoke. Mwezi Julai wa mwaka huo Juvénal Habyarimana alimpindua Kayibanda, lakini wanafunzi wengi waliofukuzwa walikuwa wamekwisha vuka mipaka.

Sasa tulitazame lile fungu la wawili katika ishirini. Walioliweka hawakusema kwamba wanawatenga Watutsi. Walisema kwamba wanagawa nafasi kwa haki, kila kundi lipate kwa kadiri ya wingi wake. Wala manung'uniko ya Wahutu hayakuwa ya uongo, kwa kuwa chini ya Wabelgiji milango ya elimu ilikuwa kweli imefunguliwa kwa wachache. Lakini tazama jinsi hesabu inavyomfanya mtu aliyehesabiwa. Virginia amefaulu mitihani kwa akili yake, hata hivyo hakuna hata siku moja anayohesabika kuwa mwanafunzi tu. Akikosea, Watutsi wamekosea. Akifaulu, Watutsi wamepora tena. Yuko darasani kwa niaba ya wengine ambao hawakumtuma, na siku ya kuwalipia ikifika, ni yeye atakayedaiwa. Sijaona filamu nyingine iliyoonyesha kwa udhahiri namna hii kwamba mtu aweza kuwamo katika picha, kwa idadi iliyo sahihi kabisa, na bado asiwe na mahali pa kusimama.

Hapa ndipo ile pua inapoingia. Gloriosa anaitazama sanamu na kuona kwamba, ingawa Bikira ni mweusi, pua yake ni nyembamba na imenyooka. Hiyo kwake ni pua ya Mtutsi, na Bikira wa nchi ya walio wengi yampasa awe na pua ya walio wengi. Basi anakusudia kuivunja na kubandika nyingine mahali pake, naye anamchukua Modesta amsaidie.

Nawaomba wasomaji wasiharakishe kucheka. Dai la Gloriosa, likiondolewa kinywani mwake na kuandikwa peke yake, ni lile lile tunaloliunga mkono kila siku: watu wapate kumwona mtakatifu mwenye sura kama yao. Tena chanzo cha dai hilo si wazimu. Pua ile si ya Mtutsi wala ya Mhutu. Kwa dhahiri ni pua ya Ulaya iliyopakwa rangi. Wakubwa wa dini waliwapa wasichana wa Kiafrika Bikira wa Kizungu aliyetiwa weusi kwa brashi, wakaridhika kwamba wamekwisha heshimu nchi. Kama Gloriosa angaliwageukia masista akawauliza kwa nini hawakutafuta mchongaji wa Rwanda, mimi ningalisimama upande wake. Lakini haoni uongo wa Mzungu. Anaona wizi wa mwenzake wa bwenini. Manung'uniko yaliyo halali yamepewa anwani ya uongo. Ndiyo maana naona tendo hili lina uzito kuliko hotuba zote za kisiasa zilizomo katika filamu.

Lifuatalo laonyesha ustadi wa Mukasonga, na Rahimi amefanya vema kutoliharibu. Wasichana wanateleza katika matope, sare zinachafuka, saa inapita. Yahitajika udhuru. Gloriosa anasema kwamba wamevamiwa na Inyenzi, yaani mende, jina walilopewa Watutsi waliokwenda uhamishoni na kurudi kwa silaha. Uongo uliobuniwa ili kuficha tope la sketi unawaleta askari mlimani, unamfanya Gloriosa shujaa, na mwishowe unafungua lango la shule kwa vijana wenye marungu. Modesta anajua ukweli tangu mwanzo, naye hausemi.

Juu ya nyuso za waigizaji nina jambo la kusema ambalo sijaliona likitiliwa mkazo. Filamu ilipigwa katika Rwanda yenyewe, na wasichana wanaocheza ni Wanyarwanda, wengi wao wakiwa wageni katika kazi hii. Kitambulisho cha Rwanda ya leo hakitaji Mhutu wala Mtutsi. Neno hilo liliondolewa baada ya 1994. Kwa hiyo wasichana waliozaliwa katika nchi isiyoandika tena makundi hayo wamepewa kuyavaa kwa muda wa saa moja na nusu, kama wavaavyo sare ya shule. Nilipoitazama filamu hii kijana mmoja aliyeketi jirani yangu aliinama akaninong'oneza, "Samahani Mwalimu, yupi hapa ni Mtutsi?" Nilimwambia angoje aambiwe. Alingoja, akaambiwa, na bado hakuridhika, maana pua alizoziona hazikuafikiana na majina aliyoyasikia. Nasi sote tuliokuwa mle, tukisema kweli, tulikuwa tumezipima pua zile kwa macho tangu mwanzo. Rahimi hakumsaidia mtazamaji katika kazi hiyo mbaya. Alichagua wasichana, hakuchagua mifano ya kundi. Na macho yetu yakirudi mikono mitupu, hilo ni fundisho ambalo hakuna mhusika angeliweza kulitamka bila kuchosha.

Yuko mtu mwingine katika kisa hiki anayepima nyuso, naye huzipima kwa mapenzi. Bwana de Fontenaille ni Mzungu mzee aliyebaki katika shamba lake la kahawa lililochakaa. Yeye ameshika imani kwamba Watutsi ni uzao wa mafarao weusi, waliohama kutoka kandokando ya Naili wakiwa wamebeba siri za Misri. Amejenga hekalu lake mwenyewe, na akiwaona Virginia na Veronica anawachora: Veronica awe mungu wa kike Isis, Virginia awe malkia Candace. Hadithi yake si ya kubuniwa tu. John Hanning Speke, katika kitabu chake cha mwaka 1863 juu ya safari ya kutafuta chanzo cha Naili, alikwisha dai kwamba watawala wa nchi za maziwa makuu walitoka upande wa Uhabeshi na si wa damu moja na watawaliwa. Wataalamu wakaipokea dhana hiyo, wamisionari wakaifundisha, maofisa wakaitia katika karatasi. Na mwaka 1973 yule aliyewahi kuitwa mtukufu kwa sababu ya kutoka mbali akaambiwa arudi huko mbali alikotoka. Fontenaille anamsifu Veronica kwa maneno yale yale ambayo Gloriosa anamhukumu kwayo. Wote wawili wanamwona mgeni.

Veronica anapendezwa. Hapa filamu ina huruma ambayo naistahi sana. Msichana ambaye kila siku anaambiwa kwamba yeye ni mdudu, ghafula anapewa taji na kuambiwa kwamba yeye ni mungu. Nani angemlaumu kwa kujitazama katika kioo? Virginia ana moyo mzito zaidi. Hauamini ukarimu wa yule mzee, na malkia wake anakwenda kumtafuta kwingine, katika mila za wazee wake mwenyewe. Urafiki wa wawili hawa, ambao ungeliweza kuwa wa kufanana tu, unapata uhai kwa sababu wanajibu swali moja kwa njia mbili. Mmoja akubali sura aliyochorewa, mwingine aikatae. Mwisho wa kisa ni mkali: Veronica hapati kuokoka, na hekalu la Fontenaille halimlindi yeyote.

Lakini yanipasa kumwuliza Rahimi kama yeye hakuingia katika hekalu hilo hilo. Ni mtu ninayemheshimu. Alizaliwa Kabul mwaka 1962, akakimbilia Ufaransa, akapata tuzo ya Goncourt mwaka 2008. Anajua uhamisho ni nini, na sioni sababu ya kusema kwamba Mwafghani hana ruhusa ya kusimulia mambo ya Rwanda. Anayesema hivyo amerudi katika hesabu ya pua. Shaka yangu ni ya macho, si ya pasipoti. Kamera yake inapenda mno uzuri: ukungu wa milimani, mashuka meupe, mashingo ya wasichana katika mwanga wa asubuhi. Kila picha yaweza kutiwa fremu na kutundikwa. Mara kadhaa, nikiwa natazama wasichana wanavyocheza bwenini, nilikumbuka penseli ya Fontenaille. Riwaya ya Mukasonga haina anasa hiyo. Imejaa njaa ya wasichana, chakula cha nyumbani kinachofichwa kwa ajili ya siku za dhiki, krimu za kung'arisha uso, umbea na kejeli. Hucheka kwa meno. Filamu imetia hariri mahali palipokuwa na gunia.

Hasara kubwa zaidi imempata Modesta. Waswahili wa pwani tangu kale wana neno shoga, kwa maana ya rafiki wa kike wa mwanamke (vijana wa leo wamelipa maana nyingine, lakini bibi zetu hawakuliacha). Na shoga hujulikana kwa jambo moja, kwamba kwake yeye siri huwekwa. Katika riwaya Modesta ana mashoga wawili wasiopatana. Mchana yu pamoja na Gloriosa, ambaye anaijua siri ya damu yake na kuitumia kama kamba. Kwa kificho huenda kwa Virginia, akamweleza yale ambayo Gloriosa hapaswi kuyasikia. Siri moja, kwa huyu ni kifungo, kwa yule ni faraja. Sijui picha iliyo kweli zaidi ya urafiki wa wasichana katika nchi iliyogawanyika. Tena Modesta ndiye asiyeingia katika hesabu yoyote: nusu yake ni ya walio wengi, nusu yake ni ya wawili katika ishirini, na orodha zinazobandikwa kutani hazina safu ya nusu. Kama ningelazimishwa kuchagua mhusika mmoja wa kuibeba filamu yote, ningemchagua yeye. Rahimi amemwacha nyuma ya bega la Gloriosa, uso uliotishika, maneno machache. Anayehesabu nyuso atasema kwamba Modesta yumo. Kweli yumo.

Juu ya lugha sitasema mengi. Wasichana wanazungumza Kifaransa, lugha ya shule, na Kinyarwanda husikika hapa na pale tu. Hilo lina ukweli wake, maana shule kama zile zilikusudiwa kuwafanya mabibi wa Kifaransa. Lakini wasichana wote wana lugha ya baada ya taa kuzimwa, na hiyo nilitamani kuisikia zaidi. Mswahili anayesikiliza Kinyarwanda husikia jamaa yake akizungumza chumba cha pili. Neno lao umwari, msichana aliyefikia umri, ni ndugu wa mwali wetu. Na neno hilo lingalitosha kutukumbusha kwamba masista, kwa sheria zao za bweni, walikuwa wamechukua kazi ya kungwi bila kujua mafunzo yake. Wamisionari wa Kikatoliki wa enzi za ukoloni walikitilia shaka Kiswahili nchini humo kwa kukiona kuwa lugha ya Uislamu. Hilo lataka makala yake.

Nimebakiza Immaculée. Ni Mhutu, tena wa watu wenye nafasi, na siku vijana wa chama wanapoingia shuleni kuwatafuta Watutsi ndiye anayemficha Virginia. Katika filamu nyingine tungelitayarishwa kwa tendo hilo: kungelikuwa na kiapo, au bangili iliyogawanywa, au machozi ya pamoja dirishani. Hapa hakuna. Wala hatoi hotuba juu ya umoja wa wanadamu. Mwenzake yumo hatarini, naye anajua mahali pa kumficha. Wako waliosema kwamba tendo lake halina mzizi katika kisa, nami kwa muda nilikubaliana nao. Nilipoitazama mara ya pili nilibadili shauri nusu. Watu wengi waliookolewa na majirani hawakuwahi kupewa sababu, na Rahimi ana haki ya kutotupa sisi iliyo bora kuliko waliyopewa wao. Nusu ya pili ya shauri langu bado haijabadilika. Ningalipenda kumwona Immaculée kabla ya siku ile, dakika mbili tu, katika foleni ya maji au mezani, Virginia akiwa ameketi karibu naye, bila yeyote kati yao kusema neno lenye maana.